Neno la jela huja na sheria yake

Mmetuuliza wasomaji: je, maneno ya jela na ya wahalifu, ambayo sasa yanasikika kuanzia vijiweni hadi kwenye mikutano ya wakubwa, yanatuharibia lugha? Kwa upande wa lugha, mimi naona hakuna taabu. Hofu yangu iko kwingine, na nitaifikia.

Wengi wetu tunasema maneno ya wafungwa bila kujijua. Mtu hajawahi kuvuka lango la gereza lakini anamtishia rafiki yake, "Shauri yako, utanyea debe," na wote wanacheka. Debe lenyewe wala si fumbo. Ni chombo kinachowekwa pembeni mwa chumba watu wakishafungiwa usiku, na kila mmoja hujisaidia humo mbele ya wenzake. Aliyewahi kulitumia hacheki sana. Hakimu akitoa miaka thelathini, mtaani tunasema jamaa "kala mvua thelathini". Na maharusi je? Magazeti yanatuarifu kwa heshima zote kwamba "wamefunga pingu za maisha", na sijasikia shehe wala mchungaji akilalamika.

Tena maneno haya hayatoki jela tu, mengine yaliingia kwanza. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi katika misafara, akaja kuwa msimamizi wa vibarua mashambani, kisha gerezani akawa mfungwa aliyepewa kuwasimamia wafungwa wenzake. Leo ofisini tunamwita hivyo bosi anayetukalia kooni. Mvua nayo ni hivyo hivyo: wazee walihesabu umri kwa mvua kabla ya mfungwa yeyote kuhesabu kifungo chake kwa hizo. Ukisema neno fulani ni la wahalifu, kwanza uliza walilitoa wapi.

Maneno yao mengi huzaliwa kwa ajili ya siri, na siri hiyo haidumu. Mwaka 1455 huko Dijon, Ufaransa, genge la wezi lililojiita Coquillards lilifikishwa mahakamani, na mwendesha mashtaka Jean Rabustel akaandika orodha ya maneno yao pamoja na maana zake. Ujerumani, mnamo 1510, kilichapishwa kitabu cha kuwatahadharisha watu na hila za ombaomba matapeli, na mwishoni kilikuwa na kamusi ndogo ya lugha yao. Martin Luther mwenyewe alikiandikia utangulizi mwaka 1528. Paris nako, Vidocq, mfungwa wa zamani aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi, alitoa kamusi ya lugha ya wezi katika karne ya 19. Angalieni ni nani wanaoziandika au kuzieneza kamusi hizi: mwendesha mashtaka, mpelelezi, mhubiri. Neno likishafika kwao, na kwetu, wezi wameshalitupa na kubuni jingine. Kwa hiyo kijana anayetamba kwa maneno ya wahuni, akidhani ameingia kwenye ulimwengu wa siri, mara nyingi anavaa nguo walizokwisha kuzitupa.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisite kuunga mkono wanaotaka maneno haya yapigwe marufuku. Buenos Aires, mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na msemo wa mitaani unaoitwa lunfardo, uliochanganya Kihispania na maneno ya wahamiaji, hasa Waitalia. Mwaka 1879 gazeti la La Nación liliuandika kama lugha ya wezi, na mwaka 1894 mwanasheria Antonio Dellepiane akatoa kitabu kizima alichokiita lugha ya uhalifu. Lakini sehemu kubwa ya maneno hayo yalikuwa ya watu maskini tu. Laburo, kwa mfano, limetokana na neno la Kiitaliano la kufanya kazi, na maana yake ni kazi hiyo hiyo. Watafiti wa baadaye walipinga sana dai kwamba lunfardo ni ya wezi, na tangu 1962 ina taasisi yake ya kitaaluma katika jiji lile lile. Mara nyingi "lugha ya wahuni" ni jina ambalo wenye nacho wamelipa lugha ya wasio nacho. Ndiyo maana simwonei wasiwasi kijana anayesema "nitafutie mchongo" akimaanisha kazi ya halali. Kama mchongo ulianzia kwenye ujanja, basi hapo umeokoka.

Sasa nifike kwenye hofu yangu. Yako maneno machache ambayo hayaji peke yake. Huja na sheria ya mahali yalikotoka, na sheria hiyo hukaa nasi hata kama hatujaialika.

Chukueni upigaji. Aliyeiba kuku ni mwizi, na tunamkimbiza kwa jina hilo. Aliyehamisha fedha za mradi "amepiga". Neno halina damu wala machozi, na ndani yake mna harufu ya ustadi, kana kwamba jamaa ameshinda mchezo. Wezi huyaita matendo yao kwa majina mepesi kwa sababu mbili: polisi wasielewe, na dhamiri isiwasumbue. Sababu ya kwanza imeshakufa, maana neno hili analielewa kila mtu. Ya pili iko hai, na sasa sisi tulioibiwa ndio tunaifanyia kazi kila tunapolitamka kwa kicheko.

Hali huwa mbaya zaidi neno likipanda ngazi. Septemba 1999 Vladimir Putin, wakati huo waziri mkuu wa Urusi, alisema magaidi wataandamwa popote, na wakikutwa chooni watauawa huko huko chooni. Kitenzi alichotumia kwa kuua ni cha wahalifu, na maana yake ya kawaida ni kulowesha. Wengi walimpenda kwa kuongea kama mtu wa mtaani. Mimi nasikia kitu kingine: katika sheria ya magenge hakuna shtaka, hakuna wakili wala rufaa. Mhuni akisema hivyo, anasema alichonacho. Mwenye serikali ana mahakama, na anatuambia hataihitaji.

Lakini neno ninalolichukia kuliko yote ni dogo na linatumiwa na kila mtu: kuchoma. "Nani kanichoma kwa bosi?" Gerezani naelewa linatoka wapi. Mfungwa anayepeleka maneno kwa askari anawahatarisha watu wasio na pa kukimbilia, na chuki wanayomwekea ina mantiki yake, hata kama ni ya kikatili. Ila sheria hiyo tumeihamishia shuleni, hospitalini na ofisini, mahali ambapo anayesemwa ana ufunguo wa stoo na anayesema hana hata kinga ya ajira yake. Muuguzi akieleza kwamba dawa zinatoroshwa, wenzake watauliza kwanza ni nani aliyechoma, na swali la ni nani aliyeiba litasubiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, katika ibara ya 33, unazitaka nchi wanachama zifikirie kumlinda mtu anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Anaweza kulindwa na karatasi hiyo asifukuzwe kazi, na bado akala chakula cha mchana peke yake.

Basi debe, mvua na pingu niachieni, nitaendelea kuyatumia. Hili la kuchoma, ninyi wahariri mngeanza kuliondoa kwenye vichwa vyenu vya habari pale mnapomwandika mtu aliyefichua wizi.