Ulimi Umeshukuru, Moyo Bado

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako imefika. Unasema tangu duka lifungwe kila anayekuja kukupa pole anakwambia "sema alhamdulillahi". Nawe waisema, ila moyo haumo. Umeniuliza kama huo si unafiki.

Si unafiki. Mtazame Ummu Salama alipofiwa na mumewe. Alitamka kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.): inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, yaani sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha akamwomba Mungu amlipe kwa msiba wake na ampe badala iliyo bora. Huku akijiuliza: nani huyo atakayekuwa bora kuliko mume wangu Abu Salama? Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na shaka yake imesimuliwa waziwazi, yeye mwenyewe akiieleza. Baadaye akaolewa na Mtume. Mnafiki huonyesha watu asichokitaka. Wewe wakitaka, hakijakufikia tu.

Linaloharibu hamdu, yaani kumsifu Mungu, ni jingine. Watu hudhani kumhimidi Mungu ni kujikausha, usilie, usiseme kuwa umeumia. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, na walipostaajabu akawaambia ni huruma. Akasema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika, ila ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Na Nabii Yaakub, aliyeahidi subira njema, alisema katika Surat Yusuf, aya ya 86, kwamba mashaka na huzuni zake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Kumshtakia Mungu hakuvunji subira. Kinachoivunja ni kumsengenya Mola wako kwa kila anayepita barazani. Basi ukishatoa salamu ya kumaliza swala, usiinuke upesi. Mwambie kwa Kiswahili chako: mtaji umekwenda, kodi inadaiwa, nimechoka.

Kuhusu moyo kuchelewa, usingoje uje ndipo uanze. Katika rakaa 17 za faradhi unasoma Fatiha mara 17 kwa siku, na kila moja yaanza na hamdu baada ya bismillahi. Isome polepole, ukisita kila mwisho wa aya. Ukisoma mbio mpaka aya zikagandana, ulimi utafika na moyo utabaki nyuma. Kabla ya kulala leta tasbihi (subhanallahi) 33, hamdu (alhamdulillahi) 33 na takbira (Allahu akbar) 34. Hizo Mtume alimfundisha bintiye Fatima, aliyekuja kuomba mtumishi kwa kuwa mikono imemuuma kwa kusaga. Ndiyo, alikuwa na shida ya kweli, ya mawe ya kusagia, na jibu lilikuwa hilo.

Neno lenyewe la wakati wa dhiki ni fupi: alhamdulillahi ala kulli hal, sifa njema ni za Mungu kwa kila hali. Huambiwi uliite pigo neema.

Raha nayo, mwanangu, yanitia hofu kuliko dhiki, kwani duka lilipokuwa likiuza hukuniuliza swali hili. Surat al-Fajr, aya za 15 na 16, yamtaja mtu anayesema "Mola wangu kanitukuza" akipewa, na "Mola wangu kanidhalilisha" akibaniwa riziki. Mtu huyo anaipima heshima yake kwa sanduku la fedha. Ukija kufunguliwa tena riziki, usikomee kwenye maneno. Kuna sijda ya kushukuru. Kwa madhehebu yetu ya Shafii husujudiwa neema inapozuka au balaa inapoondoka, si kwa neema ya kila siku kama afya. Uwe na udhu, elekea kibla, nuia na upige takbira, sujudu mara moja tu, inuka, toa salamu. Usiifanye ndani ya swala, utaibatilisha. Na ukiisujudu kwa kumwona mtu aliyepatwa na maradhi, ukishukuru kuwa wewe umeepushwa nayo, jifiche asikuone, usije ukamvunja moyo.

Jambo la mwisho ni madeni. Kushukuru hakukukatazi kusema kuwa unadaiwa. Mwenye deni asiyeweza kulipa ni mmoja wa mafungu manane ya wanaostahiki zaka, Surat at-Tawba, aya ya 60. Andika kila unachodaiwa, jina na kiasi, umpelekee ami yako kabla ya Ijumaa, naye azungumze na imamu wa msikiti wenu.

Mamako