Jibu: Rafu ya kunyanyulia mashine inakwama upande mmoja
Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba rafu uliyofunga ndani ya kabati la jikoni kwa ajili ya mashine ya kukandia unga inapanda vizuri upande wa kushoto, lakini upande wa kulia unakwama na haufiki kwenye loki.

Kabla ya kulaumu springi zinazoinyanyua rafu, pima kwanza upana wa ndani wa kabati, mbele na nyuma, kwa sababu mikono miwili ya chuma inayoibeba rafu ni lazima iwe sambamba, na tofauti ya milimita 2 au 3 inaweza kutosha kuufanya mmoja ukwaruze. Kabati langu lilikuwa na fremu ya mbao iliyojitokeza kwa ndani kuliko kuta zake. Nilifunga vipande vya plaiwudi kwenye kuta hizo hadi vikawa sawa na fremu, kisha nikachora mistari kwa pimamaji pande zote mbili, kwa kimo kilekile na umbali uleule kutoka mlangoni. Ule mkwaruzo mweupe niliokuwa nikiuona kwenye chuma haukurudi tena.

Pima pia uzito wa mashine, bakuli lake na ubao wa rafu, uulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo. Ikiwa kabati ni la chipubodi (ubao wa chembe za mti zilizogandishwa kwa gundi), skrubu fupi hulegea mapema, hivyo ni bora kupitisha bolti.

Tafadhali usishushe rafu ikiwa tupu: springi huirusha juu kwa nguvu, na vidole vinaweza kuumia vibaya.