Mwenza wa waziri katika safari ya kikazi: nani anamlipia?

Swali: Shikamoo mzee. Hapa Kirumba tumebishana kuhusu waziri anayekwenda Kisumu kwenye mkutano wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria akiongozana na mkewe. Je, Serikali inaruhusiwa kumlipia mke tiketi na posho? – Msomaji, Ilemela

Jibu: Marahaba. Mtumishi wa umma anapokwenda likizo au anapohamishwa kituo, kanuni za utumishi humtambua mwenza wake katika nauli, na nadhani hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Safari ya kikazi humfuata mwenye kazi. Ili fedha ya umma imgharamie mwenza, pawepo sababu ya kikazi inayomhusu yeye mwenyewe, iliyoandikwa na kuidhinishwa kabla ya kuondoka, kwa mfano mwenyeji anapomwalika rasmi kwa jina na kumpangia shughuli katika ratiba. Uingereza, mwongozo wa maadili ya mawaziri umeeleza kwamba gharama hizo hulipwa mara chache tu, pale manufaa kwa umma yanapokuwa dhahiri, na kwa safari ya nje waziri huomba kwanza ridhaa ya Waziri Mkuu.

Jalada la safari likifika mezani kwangu kwa ukaguzi, jicho langu huenda kwanza kwenye tarehe. Kibali kilichotiwa saini baada ya msafara kuondoka, au jina la mwenza lililoongezwa kwa kalamu chini ya orodha iliyochapwa, ni hoja ya ukaguzi hata kama risiti zote zimeambatishwa. Anayetakiwa kuijibu ni Katibu Mkuu wa wizara, kwa kuwa yeye ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha za wizara. Kwa sababu hiyo namsihi kila mhasibu anayeambiwa kwa simu "mkatie na mama tiketi" asubiri maelekezo ya maandishi, kwani simu haiingii kwenye jalada.

Fedha zenyewe si ndogo. Novemba 20, 2015, Rais John Magufuli aliliambia Bunge kwamba safari za nje ziligharimu shilingi bilioni 356.3 katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15, na kati ya hizo zaidi ya bilioni 183 zilikuwa za tiketi za ndege.

Waziri akimlipia mkewe kwa fedha yake, hakuna kosa. Gari la Serikali ni suala jingine: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamkataza kiongozi kutumia mali ya umma, au kuruhusu itumiwe, kwa shughuli isiyoidhinishwa, hivyo kumpeleka mama sokoni Kisumu kwa gari hilo hakukubaliki hata kama tiketi yake ililipwa nyumbani. Mwenye ushahidi anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, akitaja tarehe, mahali na namba ya gari.