Bizet Hakuimba, Alitunga

Msomaji ananiuliza kama ni sahihi kuandika kwamba Georges Bizet alikuwa "msanii wa opera aliyeimba Carmen", kama alivyosoma mahali, au yafaa aitwe mtunzi.

Aitwe mtunzi. Swali lingeishia hapo, lakini neno "msanii" limenichosha. Limetokana na sanaa, tuliyoipata katika Kiarabu, nalo lenyewe halina kosa. Kosa ni letu tunaomvika kila mtu, mchongaji, mchekeshaji na mpiga gitaa, mpaka mitaani limekuwa jina la tapeli. Itazame opera hiyo moja tu. Kisa ni cha Prosper Mérimée; maneno ni ya Henri Meilhac na Ludovic Halévy; muziki ni wa Bizet; na aliyesimama jukwaani Paris tarehe 3 Machi 1875 akaimba kama Carmen ni Célestine Galli-Marié. Ukisema "msanii wa Carmen", umemtaja yupi kati ya hao watano? Bizet alifariki tarehe 3 Juni mwaka huohuo, akiwa na miaka 36, kabla dunia haijaikubali kazi yake, na baada yake rafiki yake Ernest Guiraud ndiye aliyeyatilia muziki mazungumzo yaliyokuwa yakisemwa tu, ili opera ichezwe Vienna. Mtu aliyekufa bila kuionja sifa yake, nasi leo tunamnyang'anya hata jina la kazi yake!

Tena ni jina zuri mno. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga, moja baada ya nyingine, mpaka ushanga ukamilike. Bizet, aliyekuwa amekwisha kutunga Les pêcheurs de perles, yaani Wazamia Lulu, mwaka 1863, alipotafuta wimbo ambao Carmen angeingia nao jukwaani alichukua lahani aliyoidhani ya kienyeji, kumbe ni ya Mhispania Sebastián Iradier. Alipojulishwa, alilikiri jambo hilo katika nota zilizochapishwa. Lulu ilikuwa ya mwenzake, ila uzi ulikuwa wake, na aliufungua na kuufunga upya mara kadhaa mpaka Galli-Marié akaridhika. Kazi hiyo "msanii" hawezi kuieleza.

Basi andika "Georges Bizet, mtunzi wa muziki wa Carmen", na hayo maneno "wa muziki" usiyaache, kwa sababu Meilhac na Halévy nao walitunga.