Je, mitambo ya upepo baharini itawamalizia upepo wavuvi wa Kunduchi?

Mleta uzi ameuliza hivi: mitambo ya upepo ikisimikwa baharini nje ya Kigamboni, Dar es Salaam, ngalawa za Kunduchi na Mbudya zitakosa upepo wakati wa kusi? Na mvua je? Wachangiaji wawili wamemjibu kwa habari ya Ujerumani kwamba upepo "unakufa kilomita 50" nyuma ya mitambo. Habari ni ya kweli, ila haihusu bahari kama yetu. Tanzania haina mtambo hata mmoja baharini, kwa hiyo inabidi twende kwa fizikia na kwa vipimo vya wenzetu, tukijua vilichukuliwa katika hali gani.

Mtambo hauwezi kutoa umeme bila kuupunguza upepo kasi. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha, miaka mia na ushee iliyopita, kwamba hauwezi kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaopita kwenye duara la mapanga yake. Upande wa demani (upepo unakoelekea) unabaki upepo uliochoka, wenye kasi ndogo na msukosuko mwingi. Hapa nauita kivuli cha upepo. Kivuli hiki hujazwa na upepo wenye kasi unaoshuka kutoka juu, na kinachoushusha ni msukosuko wenyewe. Watu wengi hapa ndipo wanapoteleza. Wanauona msukosuko kama uharibifu tu, kumbe ndio unaoponya kivuli.

Hesabu ya haraka ya kivuli hiki ni ile ya mtafiti N. O. Jensen wa Denmark, ya mwaka 1983, na kikokotoo cha simu kinatosha. Kwenye upepo wa mita 8 hivi kwa sekunde, mgawo wa msukumo wa mtambo wa kisasa (namba inayoonyesha unavyouzuia upepo) ni kama 0.8. Toa 0.8 kwenye 1, inabaki 0.2. Kipeuo chake cha pili ni 0.447, ukikitoa kwenye 1 unapata 0.553. Sasa chukua umbali kwa kuhesabu vipenyo vya mapanga, zidisha mara 2, zidisha kwa 0.05 (uwiano wa kupanuka kwa kivuli baharini; nchi kavu hutumika 0.075), jumlisha 1, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Gawanya 0.553 kwa hapo. Kwa vipenyo 7 inatoka 0.19, yaani kasi imepungua asilimia 19. Lakini nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi: 0.81 × 0.81 × 0.81 ni 0.53. Mtambo wa pili uliokaa sawasawa nyuma ya wa kwanza umepoteza karibu nusu ya umeme wake!

Vipenyo 7 sikuvitoa hewani. Ndio mpangilio wa Horns Rev 1, shamba la mitambo ya upepo baharini huko Denmark: mitambo 80 yenye mapanga ya kipenyo cha mita 80, iliyoachana mita 560. Ile picha maarufu ya Februari 2008, ukungu umejichora nyuma ya kila mtambo, ilipigwa pale pale. Kosa la kawaida ni kuendelea kukata asilimia ile ile safu baada ya safu. Anguko kubwa liko safu ya pili. Baada ya hapo upungufu hutulia, kwa sababu msukosuko uliozalishwa na safu za mbele unashusha upepo wa juu.

Sasa kilomita 50. Watafiti wa Ujerumani walipima kwa ndege na kukuta vivuli vinavyozidi umbali huo, lakini katika hewa iliyojipanga kwa tabaka: hewa ya joto kutoka nchi kavu ikipita juu ya maji baridi. Hewa ya chini ni nzito, haitaki kuchanganyika na ya juu, na kivuli kinakosa wa kukijaza. Pwani ya Dar maji huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na mara nyingi yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa inafukuta kutoka chini, inachanganyika, kivuli kinapona mapema. Ndiyo maana sikubali kunakili namba ya Ujerumani, ingawa shamba zima huchelewa kupona kuliko mtambo mmoja.

Kuhusu ngalawa: chukua mtambo wa kipenyo cha mita 180, kitovu kikiwa mita 115 juu ya maji. Ncha ya chini ya panga inapita mita 25 juu ya bahari, na tanga la ngalawa liko chini ya hapo. Kivuli kikipanuka kwa ule uwiano wa 0.05, kinagusa maji baada ya mita 500. Kilomita 5 nyuma ya mtambo mmoja, upungufu kwa hesabu ile ile ni asilimia 4 hivi. Nahodha hatautofautisha na mabadiliko ya kawaida ya siku. Nyuma ya mitambo 80 ni jambo jingine, na hapo mwelekeo ndio wa kuangalia. Kusi ikivuma, kivuli cha Kigamboni kinaelekea Kunduchi. Kaskazi ikigeuka, kinarudi kusini.

Hata upande wa goshini (upepo unakotoka) si salama kabisa, maana upepo hupungua kidogo kabla ya kuufikia mtambo. Oktoba 2019 Ørsted, kampuni ya Denmark yenye mitambo baharini, ilishusha makadirio yake ya umeme kwa sababu ya jambo hili pamoja na vivuli.

Mvua, hapana. Masika na vuli huletwa na ukanda wa mvua unaohama na jua, katika mfumo wenye kina cha kilomita nyingi. Mapanga yanagusa mita mia mbili, tatu za chini. Kwenye joto, ndege zile za Ujerumani zilikuta mabadiliko ya kama nusu digrii, tena katika hewa ile ya tabaka.

Akija mtu na ripoti ya mradi, kagua vipimo vyake. Viwe vya miezi 12 kamili, la sivyo kaskazi au kusi itakosekana. Takwimu za uwanja wa ndege hazitoshi: ni za mita 10, nchi kavu, na kuzipandisha hadi mita 115 kwa kanuni moja ya mwaka mzima kunaficha tofauti kati ya umande (upepo wa nchi kavu) wa alfajiri na upepo wa bahari wa alasiri. Kifaa cha leza juu ya boya kinatoa wastani mzuri wa kasi, ila mawimbi yanakiyumbisha na msukosuko unasomeka mkubwa kuliko ulivyo. Msukosuko ni mkengeuko sanifu wa kasi (kadiri inavyopanda na kushuka) kwa dakika 10, ukigawanywa kwa wastani wake. Bahari wazi ni kama asilimia 6, ndani ya kivuli 10 hadi 15. Ripoti ikikupa asilimia 12 kwa bahari isiyo na mtambo, uliza boya lilisahihishwaje. Na kama hawakupima joto la maji sambamba na la hewa, hawana msingi wa kukwambia kivuli kitaishia wapi.