Masizi, Magamba na Kazi Nyingine za Nyumba Nilizokuwa Nikizikimbia

Nilipoolewa nikahamia Langoni, hapa Lamu, kazi niliyoichukia kuliko zote ilikuwa kuosha masufuria. Sahani na vikombe havikunishinda, nilivimaliza huku napiga soga na wifi yangu. Yaliyonishinda ni yale masufuria makubwa ya kupikia kwa kuni, meusi tii kwa nje. Nyumba yetu ni ya kizamani, ya mawe ya matumbawe na boriti, na jiko liko juu kabisa darini, chini ya makuti. Kila ndoo ya maji lazima ipandishwe ngazi. Nikisugua masizi, ndoo mbili zinaisha, mikono inaniuma, na kucha zinabaki nyeusi hata siku ya kwenda harusini.

Mavyaa, mama wa mume wangu, alinitazama wiki nzima hakusema neno. Siku moja, sijateleka bado, akanishika mkono. "Mwanangu, hii hutengenezwa kabla haijapanda motoni." Akalowesha kipande cha sabuni, akaipaka sufuria nje yote, chini na ubavuni, mpaka ikawa na utando mweupe mzito. Tukapika wali. Ulipoiva na sufuria kupoa, akaimwagia maji kidogo na kuipitishia kumbi la nazi. Masizi yalikuwa yameshika kwenye sabuni, hayakugusa bati, yakateremka yote pamoja nayo. Kata mbili za maji zilitosha. Kama sabuni ni ya kubana matumizi, alisema, koroga jivu na maji liwe zito kama uji, upake hilo. Nimejaribu yote mawili, na jivu linafanya kazi vizuri tu.

Siku ile nilitambua kwamba kumbe kuosha sufuria hakukuniudhi hata kidogo. Nilichokichukia ni masizi. Nikaanza kuitazama kila kazi niliyokuwa nikiikimbia na kujiuliza ni wapi hasa panaponikera, maana mara nyingi ni mahali pamoja tu, na pakitengenezwa hapo kazi iliyobaki inakwenda.

Kwa ukoko wa wali ulioungua, kinachokera ni kuukwangua. Basi usiukwangue. Tia maji yaufunike, tone la sabuni, rudisha sufuria kwenye makaa yanayokaribia kufa, uende ukasali. Ukirudi unainuka wenyewe kwa mwiko. Na ndani ya sufuria ya alumini pakiwa peusi, chemsha humo maganda ya ndimu mlizokamua mchana. Asidi ya ndimu inaondoa ule weusi bila kusugua. Sitii magadi kwenye alumini kabisa, yanaizidisha weusi.

Samaki ni habari ndefu, kwa sababu hapa kwetu haipiti siku mbili bila samaki. Nimewasikia wanawake wengi, na wasichana zaidi, wakisema kupaa samaki, yaani kumtoa magamba, ndiyo kazi wasiyoitaka hata kuisikia. Niliwauliza wanachukia nini. Wengine walisema magamba yanayoruka mpaka kwenye nywele, wengine harufu ya mikono, na wengine wameshachomwa na miba ya tafi, hawataki tena.

Magamba dawa yake ni maji. Mzamishe changu ndani ya beseni, umpae humo humo majini, kutoka mkiani kwenda kichwani, kwa mgongo wa kisu au kwa kijiko. Hakuna gamba litakaloruka. Mwisho unayachuja, unayatupa. Mimi nilikuwa nikimpaa juu ya ubao, kisha nafagia jiko zima, na bado asubuhi nayakuta magamba yamekauka ukutani kama vioo vidogo.

Harufu inatoka kwa asidi vilevile. Osha mikono kwa maji baridi kwanza, usianze na ya moto, kwa sababu moto unaivisha damu na ule utelezi wa samaki, vikaganda kwenye ngozi. Kisha sugulia ndimu iliyokamuliwa, mpaka chini ya kucha, halafu sabuni. Ubao na kisu vioshe kwa utaratibu huo huo.

Sasa tafi. Huyu naomba msomaji anisikilize vizuri. Miba yake ya mgongoni na ya tumboni ina sumu, na samaki kufa hakuiondoi. Mwanangu wa pili alichomwa kidole akiwa na miaka tisa, akalia mpaka sauti ikakauka. Tangu hapo sheria ya jikoni kwetu ni moja: tafi haguswi kabla miba yake yote haijakatwa kwa mkasi, mgongoni, tumboni na karibu na mkia. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika usiounguza, ukae humo nusu saa au zaidi. Sumu ile huharibiwa na joto, na maumivu yanapungua. Mtoto usimwachie apime joto mwenyewe. Yapime wewe kwa mkono wako usio na jeraha. Na kidole kikizidi kuvimba au mtu akiishiwa pumzi, usikae nyumbani, mpeleke hospitali.

Kufua. Kanzu nyeupe za Ijumaa ndizo zilizokuwa zikinivunja moyo, maana nafua kwa bidii na zinatoka na wingu la kijivu. Kosa halikuwa la mikono yangu. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi na chokaa, na sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haifanyi povu. Inafanya utando mzito, na utando huo ndio unaobaki kwenye nguo na kuifubaza. Maji yanayotoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga vinavyonyonya mvua, ni matamu zaidi, lakini hayatoki bombani kila saa unayoyataka. Ninachofanya ni hiki: nafua kwa sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi sana na chokaa, halafu maji matamu nayaweka kwa suuza ya mwisho tu. Yasipokuwepo, natia vijiko viwili vitatu vya siki kwenye ndoo ya kusuuza. Msimu wa mvua nakinga kila ndoo niliyonayo, kwani maji ya mvua hayana chokaa, na kanga zilizosuuzwa humo zinakuwa laini kabisa.

Kupiga pasi kulinichosha kwa sababu nilingoja nguo zikauke kabisa. Kanzu iliyokauka juani kwa upepo wa kaskazi ina mikunjo kama karatasi. Ianue ikiwa na unyevunyevu, ivingirishe kwenye taulo, uipige pasi kabla haijakauka. Kofia ya kazi ya mkono usiikamue wala usiipige pasi. Ivishe juu ya bakuli linaloienea, ikaukie hapo na umbo lake.

Kufagia sina mengi ya kusema. Kuta zetu za chokaa zinamwaga unga kila siku, basi anza juu kwenye boriti na tandabui, nyunyiza maji sakafuni, ndiyo ufagie, na deki iwe ya mwisho. Dele la kahawa na masinia ya shaba yasugue kwa ukwaju uliolowekwa, kisha uyasuuze mara moja, usiyaache nao.

Choo nimekiweka mbali kwa sababu nina jambo zito la kusema. Watu wanakichukia choo, kwa hiyo wanataka kukimaliza kwa nguvu moja, wanamwaga dawa mbili tatu kwa pamoja. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa ndoa: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na juu yake asidi ya kuondolea magaga ya chumvi, chooni kusiko na dirisha. Kilichopanda ni hewa ya kukaba koo. Nilitoka nikikohoa na macho yanachuruzika, na kifua kiliniuma siku mbili. Klorini haichanganywi na asidi, iwe ya dukani, siki au ndimu. Haichanganywi pia na dawa zenye amonia. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, acha mlango wazi. Kwa magaga ya kila siku siki peke yake inatosha, ukiimwaga usiku na kusugua asubuhi.

Nyumba za zamani zilikuwa na birika la maji la kujengwa msalani, na ndani yake waliweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna aliyelazimika kulikausha birika kila mara kwa ajili ya mbu. Hilo mimi naliona ni akili kubwa, nami napenda kuwaonyesha watoto wangu kila tukiingia nyumba ambayo bado inalo.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma. Kazi isiyopendwa nyumbani hutupiwa mtu mmoja, na mara nyingi ni binti. Kaka zake wako barazani, yeye anasugua. Kwetu tuliketi sote, baba watoto akiwepo, kila mmoja akataja kazi inayomkera zaidi na isiyomkera sana. Ikaonekana mwanangu mkubwa harufu ya samaki haimsumbui kabisa, na dada yake angechagua kupiga pasi kanzu kumi kuliko kumgusa tafi mmoja. Tukabadilishana hapo hapo. Baba watoto alichukua kupandisha maji jikoni, kila alfajiri akitoka msikitini. Wapo jamaa waliosema, lakini ndoo zinapanda, na mgongo wangu umepumzika.

Iliyobaki ni kukuna nazi. Nimejaribu blenda: nyama ya nazi unaikata vipande, unasaga na maji ya uvuguvugu, unakamua kwa kitambaa. Tui linatoka haraka, na kwa mchuzi wa katikati ya wiki linanifaa. Ila blenda inasaga na ile ngozi ya kahawia, na kuimenya kwanza kunakula muda ule ule niliotaka kuuokoa. Kwa hiyo wali wa Ijumaa bado ni wa mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kukamulia tui. Nakuna asubuhi na mapema kabla ya joto, nimekaa upande wa upepo, nazi mbili. Ya tatu humwachia mwanangu, akishamaliza samaki wake.