Kwa anayehamia Oregon na mtoto mwenye pumu: moshi na moto ni mambo mawili

Ndugu mleta mada, umeuliza maswali mawili: kama moshi ukionekana mjini maana yake moto umekaribia, na kama ni busara kwenda kuanza kazi Eugene, jimbo la Oregon, mwezi Julai, ukiwa na mtoto mwenye pumu. Ninaishi Kaunti ya Clackamas, kusini mwa Portland, saa mbili hivi kwa gari kutoka huko uendako, na Septemba 2020 nilipata moshi na tishio la moto katika wiki moja. Nimesoma majibu yaliyotangulia na naona wengi wameyachukulia mambo hayo kuwa kitu kimoja. Nami niliyachukulia hivyo, na nusura yaniponze.

Kiangazi cha huku upepo kwa kawaida hutoka baharini, ukiwa na unyevu. Jumatatu ya tarehe 7 Septemba, siku ya mapumziko ya wafanyakazi, uligeuka ukaanza kuvuma kutoka mashariki, mkavu na mkali, ukishuka kutoka milima ya Cascade. Uliangusha miti juu ya nyaya za umeme, na moto wa Beachie Creek, uliokuwa ukifuka milimani tangu Agosti bila kumshughulisha mtu wa mjini, ukashuka bonde la mto Santiam usiku huohuo, na sehemu kubwa ya mji mdogo wa Detroit (wa huku Oregon, si ule wa Michigan) ikateketea. Mashariki mwa Eugene, bonde la mto McKenzie liliungua usiku huo pia. Kesho yake, kusini kabisa mwa jimbo, moto wa Almeda ulianza kwenye nyasi pembezoni mwa Ashland ukapita katikati ya miji ya Talent na Phoenix na kuteketeza makazi zaidi ya 2,000 kwa siku moja. Watu wale hawakuwa wakiishi msituni. Walikuwa kando ya barabara kuu, wengi wao katika nyumba za trela, na hakukuwa na siku tatu za moshi za kuwaonya.

Usiku ule wa Jumatatu mimi nililala. Harufu ya moshi ilikuwepo, lakini nilichokilalamikia ni kelele za matawi juu ya paa. Moshi mzito wenyewe ulitufikia siku chache baadaye, upepo ulipokwisha kutulia: ule uliokuwa umesukumwa hadi baharini ulirudishwa nchi kavu, ukakaa juu yetu kama kifuniko cha sufuria mpaka mvua iliponyesha wiki moja hivi baadaye. Jua halikuonekana, majivu yalitanda juu ya magari, kipimo cha ubora wa hewa (hewa nzuri haizidi 50) kilipanda juu ya 400, na kila mtu aliingiwa na hofu. Hata hivyo, siku hizo unyevu ulikuwa umerudi na moto ulikuwa ukienda polepole. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Moshi hufuata upepo, na unaweza kuvuta moshi wa msitu ulio mamia ya kilomita kutoka ulipo, au usione kitu saa moja kabla ya moto kufika. Anayetaka kujua hatari ya moto atazame utabiri wa upepo na unyevu, na asome ilani za kaunti.

Ilani hizo zina jambo ambalo Waswahili tunapaswa kuambiwa wazi. Oregon hutumia ngazi tatu. Ngazi ya 1 ni kujiandaa, Ngazi ya 2 ni kuwa tayari kuondoka muda wowote, na Ngazi ya 3 ni kuondoka papo hapo. Sisi tumezoea kwamba cha kwanza ndicho kikubwa. Kabla wiki ile haijaisha kaunti yetu nzima ilikuwa chini ya ilani ya ngazi mojawapo, na jirani yangu, mzee mmoja kutoka Uvira ambaye Kiingereza kilimpiga chenga, aliposikia kwamba tuko Ngazi ya 1 alipakia familia yake ndani ya gari akaenda kwa mwanawe ng'ambo ya mto Columbia. Tulipopandishwa Ngazi ya 2 alinipigia simu kunipongeza kwamba hali imeshuka. Tulicheka, lakini lazima nikiri kwamba yeye alisafiri barabara ikiwa nyeupe, na sisi tulioelewa vizuri tulikwama kwenye foleni ya kununua petroli. Ukivuka kwenda California utakuta hawatumii namba hizo. Wao wana onyo na amri. Jifunze mfumo wa mahali unapoishi, na jiandikishe kupata ujumbe wa tahadhari wa kaunti wiki ileile unayohamia.

Sasa nikueleze kosa langu. Moshi unakuambia ufunge nyumba, na moto unakuambia uwe tayari kuifungua na kutoka. Mimi niliusikiliza moshi peke yake. Nilibandika utepe wa gundi kwenye madirisha yote, kisha kwenye mlango wa jikoni unaoingia gereji, kwa sababu ndipo moshi ulipokuwa ukipenya zaidi. Feni ilinguruma chumbani usiku kucha na simu niliiacha sebuleni ikichaji. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko ukali: "Baba Neema, tukiambiwa tutoke sasa hivi, utaanza kubandua?" Gari lilikuwa ndani ya gereji hiyo, nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa umeme, katika wiki ambayo umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Asubuhi nilijifunza kuuvuta ule uzi mwekundu wa kufungulia mlango kwa mkono, nikalitoa gari nje, nikaliegesha likitazama barabara, na tangu hapo tangi langu halishuki chini ya nusu kuanzia Julai hadi Oktoba. Utepe kwenye milango sibandiki tena; naweka taulo lililokunjwa chini yake, ambalo mtu huliondoa kwa teke. Simu hulala karibu na sikio, ikiwa na sauti.

Kuhusu hewa ya ndani, ambayo kwa mwanao ndiyo habari kubwa, tambua kwamba kinachodhuru zaidi ni chembechembe ndogo mno, zenye upana usiozidi mikromita 2.5, zinazopita puani hadi ndani kabisa ya mapafu. Kitambaa kilicholowa maji, dawa tuliyofundishwa utotoni, hakizizuii. Barakoa ya N95 inayobana vizuri inazizuia, lakini watoto wadogo haiwakai, kwa hiyo kinga ya mtoto ni chumba. Chagua chumba kimoja chenye madirisha machache, mlale humo wote, na muweke humo kisafisha hewa. Bei ikikushinda, tengeneza sanduku: vichujio vinne vya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembechembe) vinasimamishwa kama kuta, kadibodi inakuwa sakafu, na feni ya mraba inawekwa juu ikipuliza hewa kutoka ndani ya sanduku kwenda juu. Ubunifu huo umeanzia mwaka uleule wa 2020 na unaitwa kwa majina ya Richard Corsi, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi hapa Portland, na Jim Rosenthal. Nunua vichujio Mei. Septemba ile nilizunguka maduka manne na rafu zilikuwa tupu.

Mengine ni ya jikoni mwetu. Ukishafunga madirisha usichome udi wala ubani, usikaange samaki, na chapati zisubiri. Moshi wa kikaango ndani ya nyumba iliyofungwa una chembechembe kama za nje. Nilikuwa nikishangaa kwa nini kifaa cha kupimia hewa kinapanda kila jioni ilhali nje kunapungua, mpaka nilipolinganisha saa hizo na saa za kupika. Jambo la pili ni joto. Nyumba nyingi za zamani huku hazina kiyoyozi, na Juni 2021 Portland ilifikia nyuzi 46, kwa hiyo ukitafuta nyumba ya kupanga uliza habari ya kiyoyozi kabla ya kuuliza habari ya zulia. Mtoto hawezi kufungiwa chumba kinachochemka. Kukiwa na joto na moshi pamoja, mpeleke mchana kwenye maktaba ya umma.

Kwa pumu yenyewe, nenda kwa daktari kabla ya msimu, upate mpango ulioandikwa na pampu ya akiba ya kuweka kwenye begi la dharura pamoja na pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za uhamiaji. Na kama kazi yako ni ya nje, fahamu kwamba tangu 2022 kanuni za jimbo zinamtaka mwajiri atoe barakoa bure kipimo cha hewa kikifika 101.

Msinielewe kwamba nayaona haya ni mambo ya ugenini tu. Oktoba ya mwaka uleule wa 2020 mama yangu alinipigia simu kutoka Marangu, akaniambia "Mlima unaungua." Mamia ya watu walipanda Kilimanjaro kuuzima kwa matawi na majembe, na yeye alikuwa akikaa uani jioni kuutazama mstari mwekundu ule. Nilimuuliza upepo unaelekea wapi. Akanijibu kwamba mimi nimekuwa Mzungu, yeye ananiambia habari ya mlima nami namuuliza habari ya upepo.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu ndiyo, nendeni. Kuna miaka ambayo Eugene huona siku chache tu za moshi. Ila kabla hujasaini mkataba wa nyumba hakikisha kuna njia mbili za kutoka mtaani, kwani mitaa mingi ya vilimani ina moja tu. Ukishapata mtaa unaoufikiria, utaje hapa tuutazame pamoja kwenye ramani.